Rangi Idumuyo: Bloku ya Injini Katika Hewa ya Chumvi ya Mafia

Msafiri atokaye Nyamisati kwa boti kwenda Kilindoni hupita kwanza kati ya mikoko ya delta ya Rufiji, kisha hutokeza katika mlango wa bahari unaokitenga Kisiwa cha Mafia na bara. Upepo wa kusi ukiwa na nguvu, mawimbi hupiga ubavu wa chombo na matone yake hurushwa hewani. Hata asipolowa, msafiri huyo ateremkapo ufukoni na kulamba midomo yake atasikia ladha ya chumvi. Chumvi hiyo haikuchagua midomo ya watu tu. Imetua pia juu ya mabati ya nyumba, juu ya baiskeli zilizoegemezwa minazini, na ndani ya boneti ya kila gari linalotembea kisiwani humo.

Miaka kadhaa iliyopita, mwishoni mwa masika, mwandishi wa makala haya alikuwa miongoni mwa abiria wa gari moja lililokuwa likitoka Bweni, kaskazini mwa kisiwa, kwenda Kilindoni. Nyuma alikuwamo mama mjamzito aliyekuwa akipelekwa hospitali. Tulipopita Kirongwe injini ilianza kutoa mvuke, na baada ya mwendo mfupi ikazima. Dereva alipofungua boneti, maji ya rejeta yalikuwa yamekwisha. Kizibo kimoja cha bati kilichoko ubavuni mwa bloku kilikuwa kimeliwa na kutu hata kikatoboka, na maji yote yakamwagika njiani bila mtu kuona.

Jambo lililonishangaza ni kwamba injini ile ilikuwa imepakwa rangi miezi miwili tu kabla ya siku hiyo. Rangi yenyewe ilikuwa ya buluu iliyong'aa, na mwenye gari alikuwa amejivunia sana. Nilipoigusa kwa kidole ilibanduka vipande vipana kama maganda ya kitunguu, na chini yake palikuwa na kutu nyekundu iliyolowa. Mama yule aliwahi lori la nazi lililopita, akafika, akajifungua salama. Gari lilikaa pale siku tatu, na silinda hedi yake ilikutwa imepinda kwa joto.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza swali ambalo kwa kweli ni swali la kemia na fizikia ya sekondari: kwa nini rangi iliyopakwa vizuri kwa macho ishindwe upesi hivyo? Na je, ingewezekanaje kupakwa hata ikadumu miaka?

Hebu tuanze na chuma chenyewe. Bloku za magari mengi yafanyayo kazi nzito katika nchi yetu, tangu Land Rover za zamani zenye injini ya lita 2.25 hadi Toyota Land Cruiser zenye injini ya dizeli ya silinda 6 iitwayo 1HZ, ni za chuma cha kusubu. Maana yake ni chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Chuma hiki kina kaboni nyingi, kiasi cha asilimia 3 hivi, na sehemu kubwa ya kaboni hiyo imo ndani yake kama vipande vidogo vidogo vya grafiti, ile ile iliyomo katika penseli ya mwanafunzi. Grafiti ndiyo inayokifanya chuma cha kusubu kikerezeke kwa urahisi na kizimeze mitetemo ya injini. Lakini yatupasa kukumbuka mambo mawili. Kwanza, uso wake uliotoka katika kalibu una mikwaruzo na matundu madogo yanayonyonya mafuta. Pili, grafiti na chuma vikilowa pamoja katika maji yenye chumvi hufanya jozi kama ya betri, na katika jozi hiyo kinacholiwa ni chuma.

Watu wengi hudhani kutu ni uchafu utokao nje ukatua juu ya chuma. Sivyo. Kutu ni chuma chenyewe kilichogeuka. Mahali pamoja juu ya uso wa chuma huwa anodi. Hapo kila atomu ya chuma huacha elektroni 2 na kuingia katika maji ikiwa ayoni. Elektroni hizo husafiri ndani ya chuma hadi mahali pengine palipo kathodi, ambako oksijeni iliyoyeyuka katika maji huzipokea, zikafanyika ayoni za haidroksidi. Ayoni za chuma na za haidroksidi zikutanapo, na oksijeni zaidi ikiongezeka, hutokea ule unga wa rangi ya kahawia tuujuao sote. Ili kazi hiyo iendelee yanahitajika maji, oksijeni, na njia ya kupitishia umeme katika maji. Ukiondoa kimojawapo, kutu husimama.

Sasa angalia chumvi inavyoleta hasara. Maji ya mvua hupitisha umeme kwa shida. Maji ya bahari, yenye gramu 35 hivi za chumvi katika kila lita, huupitisha vizuri sana, na ayoni za kloridi hupasua utando wowote wa kinga ambao chuma kingeweza kujifanyia. Hilo walimu wengi hulifundisha. Lisilosemwa mara nyingi ni kwamba chumvi hushika maji. Chumvi ya kawaida, yaani kloridi ya sodiamu, huanza kuvuta maji kutoka hewani na kulowana pindi unyevu wa hewa ufikapo kiasi cha asilimia 75. Kloridi ya magnesiamu, ambayo pia imo katika maji ya bahari, hulowana hata hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 33 tu. Pwani ya Mafia ni nadra sana hewa kukauka kiasi hicho. Kwa hiyo chuma chenye vumbi la chumvi ya bahari hakikauki kwa urahisi, hata kama jua linawaka na mwenye gari anaapa kwamba injini yake ni kavu.

Ng'ambo ya mlango wa bahari, katika delta ya Rufiji, manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg iliangamia tarehe 11 Julai 1915, baada ya kupigwa mizinga na meli za Waingereza zilizoelekezwa shabaha na ndege zilizoruka kutoka Mafia. Kwa miaka mingi mabaki yake yalionekana mtoni, yakizama topeni kidogo kidogo huku yakiliwa na kutu. Wanafunzi wa kemia wataona kwamba chuma cha namna hiyo hakiliwi sawasawa mahali pote. Sehemu iliyofukiwa katika tope zito haipati oksijeni ya kutosha. Sehemu inayoliwa haraka zaidi ni ile irushiwayo matone ya maji mara kwa mara, kwani hiyo hupata chumvi, maji na hewa kwa wingi, vyote pamoja. Injini ya gari la Mafia, ambayo hurushiwa matone njiani, ikapashwa moto, ikapoa na kurushiwa tena, iko katika hali kama hiyo hiyo.

Tugeukie rangi. Rangi yoyote ina sehemu kuu tatu: unga unaoipa rangi yake na nguvu ya kuficha, gundi inayoushika unga huo na kuushikamanisha na kitu, na kiyeyushi kinachoifanya iwe majimaji hadi itakapopakwa. Kiyeyushi huruka hewani. Unga na gundi hubaki. Wengi hufikiri kwamba utando huo uliobaki ni ukuta usiopitisha kitu. Ukweli ni kwamba kila rangi hupitisha maji na oksijeni kidogo kidogo. Kinachokilinda chuma hasa ni kule kushikamana. Rangi ikiwa imeshikamana na chuma kila mahali, maji yapenyayo hayapati nafasi ya kukusanyika yakafanya kidimbwi, na bila kidimbwi hakuna anodi wala kathodi. Mahali palipo na tone la mafuta, punje ya kutu au chembe ya chumvi, rangi haikushika. Hapo ndipo maangamizi huanzia.

Chembe ya chumvi iliyofunikwa na rangi ina hila ya peke yake, na mwalimu wa baiolojia anaweza kuitumia darasani. Utando wa rangi hupitisha maji lakini hauruhusu chumvi kutoka. Chini yake pana chumvi, juu yake pana maji ya mvua yasiyo na chumvi. Je, si hali ile ile ya osmosisi tunayoionyesha kwa kiazi kilichochimbwa shimo na kutiwa chumvi? Maji huvutwa ndani kupita katika utando, rangi huvimba lengelenge, lengelenge hupasuka. Kisha kutu, ambayo huchukua nafasi kubwa mara 2 hadi 6 kuliko chuma iliyotokana nacho, husukuma rangi kutoka chini na kuibandua kwa vipande vipana. Hayo ndiyo yaliyolipata gari letu la Bweni. Kosa halikuwa katika rangi ya buluu. Lilifanyika kabla kopo halijafunguliwa.

Mafundi wa vyombo wa Jibondo, kisiwa kidogo kusini ya Mafia kinachosifika kwa uundaji wa majahazi, wasingeona ajabu. Nilimweleza habari hii mzee mmoja wa huko aliyekuwa ameketi kando ya mashua iliyoinuliwa juu ya magogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Karibu kitako."

Aliposikia habari ya rangi iliyobanduka alicheka. "Sisi twakwangua kwanza, twaosha, twatia moto wa makuti, chombo kikauke," akasema. "Shahamu ni kazi ya asubuhi moja. Kukwangua ni kazi ya siku."

Alikuwa akisema kweli. Shahamu iliyochanganywa na chokaa hupakwa chini ya mkuku, na sifa, yaani mafuta ya maini ya papa, hupakwa mbao za juu. Lakini hakuna fundi apakaye vitu hivyo juu ya mwani na chaza. Hata kemia ya sifa haiko mbali na ya rangi zetu za kopo. Mafuta ya samaki hunyonya oksijeni ya hewa na kugandamana kidogo kidogo, na rangi za mafuta zitumiwazo kwa kawaida hukauka kwa njia iyo hiyo.

Basi kazi ya kutayarisha bloku yahitaji siku, na nyingi za siku hizo ni za kuosha. Bloku ikiwa imeondolewa garini na kuvuliwa kila kitu, hukwanguliwa kwanza tope na grisi nene kwa kipande cha ubao au kikwangulio. Kisha husuguliwa kwa brashi na mafuta ya taa. Asitumie mtu petroli kwa kazi hiyo, ingawa gereji nyingi huitumia: mvuke wake huwaka kwa cheche ndogo kabisa, na benzini iliyomo ndani yake hudhuru damu ya mtu kwa kupita katika ngozi na mapafu. Mafuta ya taa nayo huacha utando wake, kwa hiyo ni lazima yafuatwe na maji ya moto na sabuni ya unga, au maji ya moto yaliyotiwa magadi ya kufulia. Wako wanaotumia soda kali. Hiyo husafisha kwa nguvu na chuma cha kusubu hakidhuriki, lakini ole wake anayesahau kwamba silinda hedi au kifuniko fulani ni cha alumini. Soda kali huila alumini na kutoa haidrojeni, gesi inayolipuka. Macho na mikono ya fundi pia yahitaji kinga.

Utajuaje kama mafuta yamekwisha? Mimina maji safi juu ya uso wa chuma. Yakitandaa kama shuka moja bila kukatika, chuma ni safi. Yakijikusanya matone matone, kama maji juu ya jani la mgomba, mafuta bado yapo, na haidhuru uso waonekana safi namna gani. Jaribio hili halina gharama, nami naliona kuwa la maana kuliko vyombo vingi vya kununua.

Baada ya mafuta ni zamu ya kutu. Brashi ya waya, kikwangulio na msasa hufanya kazi ya kutosha katika gereji ndogo, almuradi fundi asichoke kabla ya kufika pembeni na chini ya mbavu za bloku. Kutu iliyobaki ndani ya matundu madogo inaweza kupakwa asidi ya fosfori iliyozimuliwa, ambayo huigeuza kuwa fosfeti ya chuma, utando wa kijivu unaoshika rangi vizuri. Lakini asidi hiyo haigeuzi magamba mazito, na ikizidi ni lazima ioshwe, la sivyo nayo itakuwa chumvi nyingine chini ya rangi.

Kuna wanaopenda kupuliza mchanga kwa kompresa. Hapa sina budi kusema kwa mkazo kwamba mchanga wa ufukoni haufai hata kidogo. Umejaa chumvi, na kuupuliza ni kuipigilia chumvi hiyo ndani ya chuma kwa nguvu. Mchanga wa bara wenye silika nao, ukivunjika, hutoa vumbi jembamba liletalo ugonjwa wa mapafu usioponyeka. Zaidi ya hayo, punje zikiingia katika njia za oili ndani ya bloku zitakuja kutoka siku injini iwashwapo, zikwaruze beringi zote.

Sasa chumvi. Brashi na msasa haviiondoi. Pengine huisukuma tu ndani ya matundu. Inayoiondoa ni maji matamu, na kwa wingi: kuosha, kuacha kidogo, kuosha tena, ikiwezekana kwa maji ya moto. Visima vingine vilivyo karibu na pwani vina maji ya chumvichumvi, kwa hiyo maji ya mvua yaliyokingwa ndiyo bora.

Shule yenye maabara inaweza kumsaidia fundi hapa. Chukua pamba safi iliyolowekwa katika maji yaliyokenekwa, kama yale ya kuongezea betri (si asidi yake), uipitishe juu ya sehemu ya bloku yenye ukubwa wa kiganja, kisha uikamue katika neli ya majaribio. Tia matone machache ya asidi ya nitriki iliyozimuliwa, na baada yake matone ya myeyusho wa nitrati ya fedha. Ukungu mweupe ukitokea, hiyo ni kloridi ya fedha, nayo ni ushahidi kwamba chumvi ingalipo. Asidi hutangulia kwa sababu mabaki ya magadi nayo yangeweza kufanya ukungu na kutudanganya. Na ni lazima pamba nyingine, isiyogusa bloku, ijaribiwe vivyo hivyo, ili tujue kwamba ukungu haukutoka katika pamba au maji yenyewe.

Chuma kilichosafishwa namna hii ni kama mtu aliyevuliwa nguo. Katika hewa ya Kilindoni huanza kupata wekundu baada ya saa chache tu. Kwa hiyo nyuso zilizokerezwa, mashimo ya silinda na nyuzi za skrubu hupakwa oili mara moja zikishakauka, kwa uangalifu ili oili isitambae kwenda mahali pa rangi, na rangi ya kwanza hupakwa siku ile ile. Kabla ya hapo kila mahali pasipotakiwa rangi hufunikwa kwa karatasi na utepe: uso wa gasketi, matundu ya maji na ya oili, na namba ya injini. Namba hiyo ndiyo iliyoandikwa katika kadi ya gari. Rangi nzito iliyoifukia yaweza kumletea mwenye gari maswali marefu siku ya ukaguzi, ingawa hakuiba kitu.

Saa ya kupaka si jambo la kubahatisha. Mafundi wengi hupenda kuanza alfajiri kwa kuwa kuna baridi. Na hilo ni kosa. Hewa yenye joto la nyuzi 28 za Sentigredi na unyevu wa asilimia 80 huanza kuacha umande juu ya kitu chochote chenye joto la nyuzi 24 au chini yake. Bloku ya kilo nyingi iliyolala gerejini usiku kucha hupata joto polepole. Jua linapopanda na hewa yenye unyevu inapoingia, chuma bado ni baridi, nacho hujifunika umande mwembamba usioonekana kwa macho. Rangi ipakwayo hapo imepakwa juu ya maji. Kanuni ya wapaka rangi wa viwandani ni kwamba chuma kiwe na joto lisilopungua nyuzi 3 juu ya kiwango cha umande, na unyevu wa hewa usizidi asilimia 85. Fundi asiye na vipimo aitoe bloku juani, angoje hadi saa nne ya asubuhi, apake, na aache kabla ya saa kumi za jioni. Siku ya mvua apumzike.

Kuhusu aina ya rangi, nitasema machache kwa sababu makopo hubadilika kila mwaka na maduka ya Kilindoni si ya Kariakoo. Rangi ya kwanza iwe ile inayokusudiwa kuzuia kutu, mathalani yenye fosfeti ya zinki. Rangi nyekundu ya risasi na ile ya kromati zilitumika sana zamani na zilifanya kazi vizuri, lakini ni sumu. Hivyo atakayekwangua injini kuukuu asikwangue ikiwa kavu, bali ailoweshe ili vumbi lisiruke, na awafukuze watoto karibu. Juu ya rangi ya kwanza huja rangi ya injini. Ubavu wa bloku hupata joto lisilopita sana nyuzi 100, kwa kuwa maji ya rejeta huupoza, na rangi nzuri ya injini hulivumilia. Manifoldi ya moshi ni jambo jingine, kwani joto lake hufika mamia ya nyuzi. Rangi ya bloku ikipakwa hapo itaungua na kunuka siku ya kwanza. Manifoldi huhitaji rangi ya silikoni yenye unga wa alumini, au iachwe bila rangi.

Tupime kidogo kwa hesabu. Chuma cha kusubu hutanuka kwa kiasi cha sehemu 11 katika milioni kwa kila uzi mmoja wa joto. Bloku yenye urefu wa milimita 500 ikipanda kutoka nyuzi 30 hadi nyuzi 100 hurefuka kwa 500 × 0.000011 × 70, yaani milimita 0.385. Si nyingi, lakini rangi ni lazima inyooke nayo kila safari na kurudi kila usiku, miaka nenda rudi. Rangi nene iliyopakwa mara moja hukauka juu na kubaki mbichi ndani, kisha hupasuka. Tando 3 nyembamba zinazofikisha unene wa milimita 0.1 kwa jumla hufuata chuma bila taabu. Na rangi kiasi gani inahitajika? Tuseme eneo la nje la bloku ni mita 1 ya mraba. Unene wa milimita 0.1 ni sentimita za ujazo 100 za rangi kavu. Ikiwa nusu ya rangi ya kopo ni kiyeyushi kitakachoruka, zinahitajika sentimita za ujazo 200, yaani moja ya tano ya lita, mbali na inayopotea. Kopo dogo latosha. Gharama yote ya kazi hii imo katika jasho.

Wako wanaohofu kwamba rangi itaizuia injini isipoe. Utando wa milimita 0.1 hauna athari ya kusumbua, kwani sehemu kubwa ya joto huchukuliwa na maji kwenda rejeta. Kama kuna rangi ya kupendelea, mimi napendelea nyepesi, kijivu au nyeupe chafu, kwa sababu oili ikianza kuvuja huonekana mara moja.

Fundi apakaye kwa kupuliza afanye kazi mahali penye upepo wa kutosha na mbali na moto. Kitambaa kilichofungwa puani huzuia vumbi lakini hakizuii mvuke wa thina. Rangi zile za makopo mawili yanayochanganywa na dawa ya kugandisha huweza kuharibu mapafu kwa namna mbaya zaidi. Asiye na kinyago cha kuchuja mvuke asizipulize.

Bloku ikishapakwa iachwe siku kadhaa. Injini iwashwapo mara ya kwanza isilazimishwe. Ipate moto dakika kumi na tano hivi, izimwe, ipoe, irudiwe. Joto la polepole hukamilisha ugumu wa rangi, joto la ghafla huifanya itoe malengelenge.

Na ni haki nirudi kwenye kile kizibo cha njia ya Bweni, kwa maana nisiposema jambo moja nitakuwa nimedanganya. Nilipokiangalia baadaye kilikuwa kimeliwa kutoka pande zote mbili. Upande wa nje ulikuwa kazi ya rangi iliyoshindwa. Upande wa ndani ulikuwa kazi ya maji ya kisima cha chumvichumvi aliyokuwa akijaza dereva kila asubuhi, na hakuna rangi ya nje iwezayo kuzuia hilo. Rejeta hutiwa maji matamu yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia kutu, na dawa hiyo hubadilishwa kwa wakati wake kwa sababu nguvu yake huisha.

Walimu walio karibu na bahari wanaweza kuendesha uchunguzi wao wenyewe. Tafuteni vipande 5 vya chuma cha kusubu kutoka katika injini iliyokufa; gereji yoyote itawapa. Kimoja kipakwe rangi juu ya mafuta na kutu yake. Cha pili kioshwe mafuta tu. Cha tatu kioshwe na kukwanguliwa, kisha kichovywe katika maji ya bahari na kukaushwa kabla ya rangi. Cha nne kitayarishwe kwa ukamilifu, kipakwe saa nne ya asubuhi. Cha tano kitayarishwe vivyo hivyo, lakini kipakwe alfajiri kikiwa na umande. Rangi iwe moja na idadi ya tando iwe moja. Mkwaruze kila kipande mstari mmoja kwa msumari hadi chuma kionekane, mvitundike nje upande wa bahari, na kila Jumatatu mpime kwa rula kutu imetambaa milimita ngapi kutoka kwenye mstari. Kwa majira ya kusi mtakuwa na grafu ya kuchora kabla ya muhula kwisha.